Mikono ya Daraja la Kwanza

Siku ya tisa baada ya kumzika kaka yangu Lugusha, Mizani iliniuliza kama alikuwa akimeza vidonge vyake mwenyewe.

Nilikuwa jikoni kwangu, hapa Ilumba ya Pili, wilaya ya Urambo, ninachambua mchele. Kishikwambi cha kazi kiliita juu ya mtungi. Sauti ya Mizani ilikuwa ya mwanamke mtu mzima asiye na haraka, ingawa hapakuwa na mwanamke yeyote, palikuwa na mashine tu, katika jengo lisilo na madirisha mjini Tabora.

"Pole kwa msiba, Kalunde," ilisema. "Nina maswali matatu kuhusu mshiriki namba 417. Unaweza kuyajibu sasa au baada ya arobaini."

"Uliza."

"Sababu ya kifo?"

"Saratani ya mapafu."

"Alivuta mpaka lini?"

"Mpaka wiki mbili kabla hajafa. Aliacha aliposhindwa kushika kiko."

"La mwisho. Mimi napima kilichomezwa, sipimi kilichopangwa. Kwa miaka yote kumi na tisa, namba 417 alimeza vidonge vya namba 417, na si vya mtu mwingine?"

Kwenye kioo vilitokea viduara viwili, Ndiyo na Hapana. Nikapangusa kidole kwenye kanga, nikagusa Ndiyo.

"Ahsante. Kifo kimeingia upande wake."

Nilirudi kwenye mchele. Nilichambua sinia lile lile mara tatu, na mara ya tatu hapakuwa na hata punje moja ya mawe.

*

Mwaka ulikuwa 2081. Mahali pengine pote duniani watu walikuwa wamekwisha kuacha kuvuta, wengine kwa sheria, wengine kwa hofu. Tumbaku ilibaki kulimwa kwa kazi nyingine: wataalamu walikuwa wakikuza chanjo ndani ya majani yake mabichi. Malori yasiyo na dereva yalifika shambani asubuhi mapema, yakayachukua majani yangali na umande, yakaondoka kimya. Hatukuambiwa ni chanjo ya nini. Tulijua tu kwamba jani halitakiwi kukauka.

Lakini nyuma ya kila nyumba ya Urambo palibaki bani moja, kile kibanda kirefu cha matofali cha kukaushia majani kwa moto. Humo tulikausha ya kuvuta wenyewe, kama walivyofanya babu zetu. Serikali ilifumba jicho. Tulikuwa wavutaji wa mwisho, watu elfu sita katika vijiji arobaini, na ndiyo sababu utafiti ulitufuata sisi.

Kidonge chenyewe kilikuwa cha karotini, ile rangi inayoifanya karoti na papai kuwa na rangi ya chungwa, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kwenye mafunzo tulielezwa bila kufichwa kwamba karne iliyopita vidonge vya namna hiyo vilijaribiwa kwa wavutaji, ikadhaniwa vitawakinga na saratani, na badala yake wengi zaidi waliugua. Katika mapafu yenye moshi, mlinzi alikuwa amegeuka mvamizi. Ila hiki kilikuwa kimeundwa upya. Kilikuwa na breki, walisema. Kikizidi mwilini kinajizima.

Nusu ya watu walipewa karotini na nusu walipewa vidonge vitupu vya sura ileile. Nani anapata nini, hakuna binadamu aliyejua. Siri ilikaa kwa Mizani. Mimi nilikuwa mgawaji wa Ilumba ya Pili. Kazi yangu ilikuwa kupokea kreti la vichupa kila mwezi, kuvipeleka nyumba kwa nyumba, na kuandika nani anakohoa, nani amepungua, nani amekufa.

Mwaka wa pili viganja vya baadhi ya watu vilianza kugeuka rangi. Daktari Rwegoshora, mkuu wa utafiti, alikuja akatuambia kwamba karotini ikiwa nyingi hujionyesha hivyo kwenye ngozi, haina madhara, na tusiizungumze.

Huwezi kumwambia mtu wa Urambo asizungumze rangi. Mtoto wa huku hujua madaraja ya jani kabla hajajua herufi. Jani lililoungua, jani la kijani lililotolewa bani mapema, jani la limau, na juu ya yote jani la chungwa, lile linalong'aa ukiliinua kwenye mwanga. Basi tulifanya kosa ambalo pengine watu wa nchi nyingine wasingelifanya. Tuliona chungwa kwenye viganja vya watu, tukasoma daraja la kwanza.

Wenye mikono ile wakaitwa kufunga mitumba ya majani siku za kupanga. Wakaombwa kuwashika watoto wachanga. Baba wa binti anayechumbiwa alimsalimia mkwe mtarajiwa kwa mikono miwili, akavigeuza viganja juu, akatazama. Waliobaki weupe waliitwa makapi.

Kaka yangu alikuwa makapi.

*

Mwaka 2070, siku ya kupanga majani, nilimkuta nyuma ya nyumba yake akichochea moto wa bani peke yake wakati wenzake wako mezani wanapanga.

"Mbona huko kwa wenzio, kaka?"

Alivigeuza viganja vyake. Vilikuwa na weusi wa utomvu wa tumbaku, na chini ya weusi vilikuwa vyeupe.

"Kasimba amenikataza kushika majani yake. Mbele ya watu. Eti makapi yasiguse daraja la kwanza."

Mzee Kasimba alikuwa mtani wa ukoo wetu. Siku ya mazishi ya baba yetu alilala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe jogoo.

"Huyo ni mtani," nikasema. "Akikosa la kusema atapasuka."

"Utani una mahali pake. Baba alikufa na kifua, Kalunde. Na mimi nimeanza kukohoa asubuhi."

"Acha kuvuta."

"Acha wewe ugali."

Tulicheka. Kisha akatupa gogo motoni, akaniambia bila kunitazama, "Nina dada mgawaji. Watu wananicheka kwa hilo pia. Wanasema, huyu hata kwao hapewi."

"Sijui kichupa kipi kina nini. Hata daktari hajui."

"Rangi inajua," akasema.

Kasimba alikuwa namba 422. Namba zilichomwa kwenye vifuniko. Vichupa vyenyewe havikuwa na alama. Mwezi uliofuata, kabla ya kuanza mzunguko wangu, nilivifungua viwili vile nikabadilisha vifuniko. Haikuchukua hata muda wa kuhesabu mpaka kumi. Nilijiambia Kasimba ana afya ya punda, hatapungukiwa. Nilijiambia ni mara moja tu.

Mwezi wa nne Lugusha alikuja mlangoni kwangu akiwa ameinua mikono yote miwili, kama bwana harusi aliyetoka kupakwa hina. Alisimama pale akicheka, mtu mzima wa miaka hamsini, mpaka na mimi nikacheka.

Nilibadilisha vifuniko mara mia moja thelathini na mbili.

*

Siku ya ishirini ya msiba wagawaji wote arobaini tuliitwa Tabora. Tulikutana hivyo kila miezi mitatu. Mizani ilikuwa inasema neno moja tu, Endeleeni au Simameni, na kwa miaka kumi na tisa ilikuwa imesema Endeleeni. Tulikuwa tumezoea kulisikia kama watu wanavyosikia saa ya ukutani.

Utaratibu wake tulifundishwa siku ya kwanza. Kila kifo kinawekwa upande wa karotini au upande wa vidonge vitupu. Kifo kimoja hakisemi kitu, kwa sababu watu hufa. Lakini vifo vikizidi upande mmoja kuliko bahati inavyoweza kueleza, mstari unavukwa na Mizani inasimamisha kila kitu. Mistari ni miwili, mmoja wa faida na mmoja wa madhara. Tukielekea mstari wowote hatuambiwi ni upi, ili mkono wa mtu usije ukaegemea.

Siku hiyo Mizani ilisema, "Endeleeni. Umbali wa mstari ni kifo kimoja."

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja wa Kaliua alipiga vigelegele. Wagawaji walikumbatiana, maana hakuna aliyefikiri ni mstari mwingine isipokuwa wa faida. Sote tulikuwa na watu wenye mikono ya chungwa nyumbani.

Nilimfuata Daktari Rwegoshora kwenye chai. Alikuwa ameanza kazi hii kijana mwenye nywele nyeusi. Sasa alitembelea fimbo.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Kalunde. Pole sana na kaka. Umeona? Kifo kimoja! Natamani angekuwepo asikie."

"Mstari wenyewe ni upi?"

"Hata mimi sijui, na sitaki kujua kwa mlango wa nyuma." Alitabasamu. "Lakini moyo wangu unao upande."

"Na ile habari ya karne iliyopita?"

"Ile ilikuwa karotini ya kawaida. Yetu ina breki."

"Mgawaji akikosea kuandika je? Mmoja tu."

Aliweka kikombe chini. "Mizani haitajua. Damu zote tulizochukua ziko kwenye barafu, hazisomwi mpaka mwaka 2089, kwa sababu kuzisoma ni kuifumbua siri. Mpaka siku hiyo Mizani inaona kwa macho yenu. Ndiyo maana tuliwachagua ninyi, watu wasiosema uongo. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Umechoka, mama. Nenda kapumzike."

Mwaka 2089. Miaka minane. Njiani kurudi niliwahesabu wafu wangu, ingawa hesabu yao nilikuwa nayo zamani. Katika Ilumba ya Pili watu wanane walikuwa wamekufa kwa saratani ya mapafu. Nilikuwa nimewauguza wote na kuwashika mikono wote. Sita walikuwa na viganja vya chungwa, na wa sita ni Lugusha, aliyeandikwa upande wa weupe.

Na niseme lile ambalo sijamwambia hata mzee wa kanisa wala shehe. Sikuanza kuhesabu siku ile. Nilianza miaka mitatu kabla, alipokufa wa nne. Kaka yangu alikuwa bado mzima, anapanda juu ya bani kuezeka. Nilishuku, na mwezi uliofuata nilibadilisha vifuniko kama kawaida. Kwa sababu ningeacha, viganja vyake vingerudi kuwa vyeupe, na angekuja mlangoni kuniuliza kwa nini. Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kumpa nikimtazama usoni. Basi nikampa kichupa.

*

Siku ya thelathini na tano nilimpelekea wifi yangu Sikuzani kichupa chake. Alikuwa namba 418. Alikuwa ndani, katika eda, amejifunga shuka jeupe, anavuta kiko chake kidogo dirishani ili moshi utoke. Aliponiona alisogea kwenye mkeka kunipa nafasi.

"Kaa, wifi. Umekonda. Unakula?"

"Nakula."

"Muongo. Kaka yako alikuwa hivyohivyo, ukimuuliza amekula anajibu amekula juzi." Alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Unajua aliniambia?"

"Alikuambia nini?"

"Kila kitu. Mume anaweza kumficha mkewe rangi ya mikono? Aliniambia, 'Kalunde ameniibia uhai kwa Kasimba.' Alikuwa anajisifu, wifi. Kila nikikasirika na wewe kwa mambo yetu ya kike alikuwa ananiambia, huyo unayemsema ndiye anayenifanya nipumue." Alinishika mkono. "Baba yenu alikufa na miaka hamsini na mbili. Kaka yako amefika sitini na moja. Ile tisa ulimpa wewe. Nimekuwa nikitafuta siku ya kukushukuru."

Nilitaka kuutoa mkono wangu nikashindwa.

"Sasa nina ombi," akasema. Alivigeuza viganja vyake juu ya magoti. Vilikuwa vyeupe kama unga. "Nina wajukuu watatu. Kifua changu asubuhi kimeanza kulia kama chake. Nibadilishie na mimi."

"Wifi, siwezi."

"Kwa nini?"

"Siwezi tu."

"Yule aliyekuwa wa 409 amekufa, cha kwake kinakwenda wapi? Nipe cha kwake. Hakuna atakayejua, nimo ndani miezi minne."

"Wifi, naomba usiniombe hilo."

Kiko kilikuwa kimezimika mkononi mwake.

"Naelewa," akasema. "Yeye alikuwa tumbo moja na wewe. Mimi nilikuja na begi tu."

"Si hivyo."

"Basi ni vipi? Sema."

Niliweka kichupa chake kwenye mkeka. Alikisukuma kwa kidole mpaka kikanigusa goti.

"Chukua makapi yako, wifi."

Nilitoka nimekishika. Ndani kilikuwa na vidonge vitupu, na hicho ndicho kitu pekee kizuri nilichopata kumpa mtu katika nyumba ile, na alikuwa amenirudishia kama tusi. Nilijua akiamua ataomba kwa jirani. Watu wenye mikono ya chungwa walikuwa na huruma, wengi wangemgawia.

*

Kabla ya kusema kwa Mizani nilikwenda kwa yule niliyemwibia.

Mzee Kasimba alikuwa na miaka sabini na tisa. Nilimkuta barazani kwake anasokota jani, viganja vyake vya chungwa, ambavyo sikuwahi kuelewa kwa nini havikufifia, vinang'aa juani.

"Mwangaluka, Mzee Kasimba."

"Mwangaluka, mfiwa. Umekuja kunipima jeneza? Rudi mwakani, bado sijaiva."

"Nimekuja kukuambia kitu. Naomba usinicheke mpaka nimalize."

"Hilo ni gumu, lakini jaribu."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia bani, vifuniko, miaka kumi na moja. Mkono wake uliacha kusokota. Nilipomaliza alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la bati. Alilifungua akanipa ninuse.

Lilikuwa manjano, yale ya kupikia pilau.

"Kila Ijumaa," akasema. "Nachanganya na mafuta ya alizeti. Rangi ilinitoka ghafla mwaka ule, nikadhani mwili umezeeka, umeikataa dawa. Niliona haya. Mtu aliyewaita wenziwe makapi atatoka vipi mbele za watu?" Alivitazama viganja vyake. "Mke wangu amekufa hajui. Alikuwa anashangaa manjano yanakwisha upesi na pilau hatuli."

Alianza kucheka, na mimi nilikuwa karibu kucheka naye, kisha akanyamaza katikati.

"Kwa hiyo kilichotoka kwangu kilikwenda kwa Lugusha."

"Ndiyo."

"Na unadhani ndicho kilichomla."

"Nadhani. Sijui."

"Lugusha yuko chini. Mimi niko juu nimejipaka mchuzi." Alilifunika kopo taratibu. "Sasa nikushukuru au nikushitaki?"

"Sijui, mzee."

"Sisi watani hatuna msamaha, Kalunde. Tuna mzaha. Na hili sina mzaha wake." Alikaa chini kwa uzito. "Kaliseme huko kwenye mashine yenu. Na usije hapa mpaka nikuite."

*

Nilifungua kishikwambi nikiwa shambani, kwenye tuta, kwa kuwa sikutaka kuta zisikie.

"Nataka kurekebisha jibu," nikasema. "Namba 417."

"Jibu lipi?"

"La tatu. Ni Hapana. Tangu mwezi wa sita 2070 alikuwa anameza vya 422. Na 422 alikuwa anameza vya 417."

"Miezi yote?"

"Yote."

"Nani alibadilisha?"

"Mimi."

"Nimeandika," Mizani ilisema. Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na ningependa ingekuwepo.

Nilisubiri. Nilikuwa bado na tumaini moja, na nalieleza ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani. Nilitumaini mstari ule ulikuwa wa faida. Ingekuwa hivyo, kumhamisha Lugusha kungetusogeza mbali nao, Mizani ingesema Endeleeni, na mimi ningekuwa nimemwibia Kasimba tu, sikumuua mtu.

Kioo kikawa cheupe. Kisha sauti ikatoka, wakati uleule katika vishikwambi vya vijiji vyote arobaini.

"Simameni. Mstari wa madhara umevukwa. Kila mgawaji akusanye vidonge vyote leo. Mtu yeyote asimeze."

Upepo ulikuwa unapita juu ya majani mabichi. Nililiuliza lile nililokuwa nalo tangu siku ya mazishi.

"Ndicho kilichomuua?"

"Kwa mtu mmoja siwezi kujua," Mizani ilisema. "Alivuta miaka arobaini na tano. Pengine angekufa hata bila karotini, pengine angeishi. Naweza kujua kwa maelfu tu."

"Lakini ukikisia."

"Sijaundwa kukisia, Kalunde. Samahani."

Daktari Rwegoshora alipiga baada ya dakika chache. Nilimsikia akipumua.

"Tangu lini ulijua?"

"Nilishuku miaka mitatu, Daktari."

"Miaka mitatu. Na tangu ulipomwandika kaka yako uongo ni siku ishirini na nane. Watu karibu elfu tatu wamemeza kila siku kati ya hizo."

"Najua."

"Mimi pia nimo. Mimi ndiye niliyewaambia ina breki. Nilikuwa nimekunja mikono nasubiri sherehe." Alikohoa. "Wewe si mgawaji tena. Barua itakuja, na baraza litakuita. Lakini kwa leo hakuna wa kukupokea kazi kijijini kwako. Pita nyumba kwa nyumba, useme."

*

Nilianza kwa Sikuzani. Ningeweza kuanzia upande wa pili wa kijiji na kufika kwake mwisho, jioni. Niliwaza hivyo. Kisha nikakumbuka majirani wenye huruma.

Alikuwa amekaa palepale dirishani. Mbele yake, kwenye kipande cha gazeti, kulikuwa na vidonge sita ambavyo si vyangu.

"Nimepewa," akasema kwa kiburi kabla sijafungua mdomo. "Mama wa mtaa wa pili ana moyo."

"Umemeza?"

"Nilikuwa nangoja maji yapoe."

Nilikaa sakafuni, si kwenye mkeka, nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio, kama ninavyoandika hapa, bila kuruka ile miaka mitatu. Alinisikiliza akitazama vile vidonge. Nilipofika kwenye Simameni alivikunja ndani ya gazeti, akakunja tena, akanisogezea.

"Alijua?" akauliza.

"Nani?"

"Mume wangu. Alijua kwamba unashuku?"

"Hapana. Sikumwambia."

"Mwaka jana alianguka kwenye ngazi ya bani. Nikaja kwako. Nikakuuliza, wifi, hivi, vidonge hivi ni salama? Ukanijibu nini?"

"Nilikuambia ni salama."

"Nilitaka nihakikishe kwamba unakumbuka."

Alijivutia shuka mpaka kidevuni, akageukia ukuta. Nikachukua gazeti lile, nikaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Kila nyumba niliulizwa swali lilelile: mikono yangu itafanywa nini sasa? Wengine walikuwa wakivisugua viganja vyao kwa majivu wakati naongea nao. Mmoja alinitemea mate. Mmoja alinipa maji ya kunywa.

Siku ya arobaini nilikwenda nimevaa kanga za msiba. Khitma ilikuwa imeanza. Wanaume walikuwa kwenye turubai, wanawake wa ukoo ndani na mjane, na wapishi nyuma karibu na bani. Watu walinipisha njia kwa namna ambayo haikuwa heshima. Sikujua nafasi yangu ni wapi. Dada wa marehemu hukaa ndani, kichwani pa mkeka, lakini miguu yangu iligoma kwenye kizingiti. Nilikwenda nikakaa nje, chini ya dirisha lake, nimeegemea ukuta.

Nilisikia sauti ya Sikuzani kutoka ndani, ya chini, inauliza, "Amekuja?"

Mtu akamjibu kwamba nimekuja, niko nje.

Nikaanza kukusanya kanga zangu nisimame.

"Mwambieni asiingie," Sikuzani akasema. "Na mwambieni asiondoke."

Nikaziachia kanga, nikakaa. Ndani wakaanza kumsomea kaka yangu, na mimi nikawa naitikia nikiwa nje.